Mzee Hussein Guyo na Kiu ya Mheshimiwa

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Hussein Guyo atarudisha ufunguo wa gari na kitambulisho chake cha kazi, baada ya kuutumikia Ushirika wa Maziwa wa Lelgoi, hapa Eldoret, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Hakuna mfanyakazi aliye kazini leo ambaye aliwahi kumwona Mzee Hussein akiwa mgeni. Sisi sote tulimkuta.

Aliajiriwa Juni 1994 akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, kama utingo wa lori la kukusanya maziwa. Alikuwa ametoka Marsabit miaka miwili kabla ya hapo, akakaa mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, kwa ami yake aliyeuza nguo mjini, na kwa maneno yake mwenyewe alichoka kupima vitambaa vya wanawake wasionunua. Alibeba mikebe ya maziwa mabegani kwa miaka mitatu. Mwaka wa 1997 alipata leseni ya magari makubwa, akakabidhiwa lori la njia ya Burnt Forest.

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka huo zilimpata njiani. Lori lilizama kwenye tope hadi ekseli, likiwa na mikebe arobaini iliyojaa. Madereva wengine wawili waliokwama siku hiyo walimwaga maziwa wakarudi kwa miguu. Hussein alifika kiwandani saa tatu za usiku akivutwa na trekta ya mkulima, matope hadi kwenye nyusi, akiwa na mikebe thelathini na tisa, pamoja na karatasi iliyotiwa alama ya kidole gumba. Mkebe mmoja alikuwa amemlipa mwenye trekta, na hakutaka mtu yeyote aje kuuliza ulikwenda wapi.

Wakulima wa njia ile bado wanamuulizia. Aliwajua kwa mbwa wao. Alijua boma ambalo mbwa hubweka tu, na boma ambalo lazima upige honi na ungoje ndani ya lori. Hakuwahi kupita trekta barabarani bila kumsalimia dereva wake, hata kama alikuwa amechelewa.

Mwaka wa 2016 Ushirika ulinunua gari la kubebea wageni na viongozi. Lilikuwa gari kubwa la kifahari lililotengenezwa mwaka wa 2005. Injini yake ilikuwa ya silinda nane, magurudumu yote manne yalivuta, viti vilikuwa vya ngozi na mlangoni kulikuwa na vipande vya mbao vilivyong'aa. Mzee Hussein ndiye aliyechaguliwa kuliendesha. Wafanyakazi walilibatiza jina la Mheshimiwa, kwa sababu lilikula sana, lilitembea kidogo, na kila lilipopita lazima mtu alifungulie lango.

Mzee alilipenda gari lile. Alilipangusa kila asubuhi kabla ya chai. Alijua kwamba katika barabara iliyo wazi lilikwenda karibu kilomita sita kwa lita moja ya petroli, na mjini tano au chini kidogo. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake kwa miaka minane, nasi tulikizoea.

Hapa ni lazima nijitambulishe. Mimi ni Nyakio Muigai, Afisa wa Usafiri tangu 2021. Kila karatasi ya mafuta hupita mezani kwangu. Katika yanayofuata kwenye wasifu huu nilishiriki, na si kwa uzuri.

Kufikia Julai 2024 kipimo kilikuwa kimeanguka. Mheshimiwa alikuwa anakwenda chini ya kilomita nne kwa lita, na mwezi uliofuata tatu na nusu. Wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa Mzee Hussein. Alikuja ofisini kwangu na kofia yake mkononi.

“Madam, hii gari inakunywa,” alisema. “Kuna kitu imeharibika. Siyo kawaida yake.”

Nilimwambia magari yote ya aina ile hunywa. Hata hivyo nililipeleka kwa fundi mmoja mjini. Alifungua boneti kwa dakika chache, akasema injini ya silinda nane ni injini ya silinda nane, akaifunga. Nikarudi ofisini nikiwa nimeridhika kwamba gari ni zima. Na kama gari ni zima, nilijiambia, basi kuna mtu anatoa petroli.

Sikumwita nikamuuliza. Niliandika memo. Niliagiza kifuniko cha tangi chenye kufuli, ufunguo ukawa unakaa kwenye droo yangu, na kila lilipohitaji mafuta nilikwenda mwenyewe hadi kituoni kusimamia. Wiki tatu zikapita hivyo, na kiu ya Mheshimiwa haikupungua hata kidogo. Mtu mwenye akili timamu angejua papo hapo kwamba dereva hana hatia. Mimi nilidhani ana ufunguo wa pili.

Memo ilikuwa ya siri, lakini katika Ushirika wetu hakuna siri inayomaliza siku mbili. Vijana wa kupakia maziwa walianza kumwita Mzee Mpira, yaani mpira wa kunyonyea petroli kutoka kwenye tangi. Walimwita hivyo akiwa anasikia. Kantini, watu waliokuwa wakikaa naye miaka yote walianza kupata sababu za kukaa kwingine. Mmoja alisema anataka kuwa karibu na dirisha, mwingine ana mazungumzo na watu wa maabara. Kufikia Septemba Mzee Hussein alikuwa akinywa chai yake peke yake kwenye meza ya watu wanane. Hakuhama. Alimaliza chai, akapeleka kikombe mwenyewe kwa Mama Jepchumba, mpishi wetu, akamshukuru, akatoka.

Mwezi wa Oktoba mkewe, Mama Dahabo, alifariki baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Alizikwa siku hiyohiyo, kama ilivyo desturi yao. Kila mfanyakazi anajua jinsi tunavyofanya mwenzetu anapofiwa. Tunachanga, tunajaza basi la Ushirika, tunakwenda. Safari hii basi halikutoka. Hakuna aliyesema lisitoke. Ni kwamba kila mmoja alingoja mwingine aanze. Mama Jepchumba peke yake ndiye aliyevua aproni, akapanda boda boda hadi Pioneer, mtaa anakoishi Mzee, akakaa na wanawake wa matanga mpaka jioni. Mimi nilitia sahihi fomu ya likizo ya siku nne.

Siku ya tano Mzee alirudi kazini, akampangusa Mheshimiwa.

Hapo ndipo alipoanza kuitafuta ile petroli mwenyewe. Hakuwa amesomea ufundi. Alichokuwa nacho ni jioni nyingi na nyumba isiyo na mtu. Kila Jumamosi baada ya kazi alibaki kwenye uwanja wa magari, na Mama Jepchumba, ambaye dirisha la jiko lake linatazama pale, alikuwa akimwona. Mara amelala chini ya gari. Mara amepiga magoti akishika magurudumu moja baada ya jingine, kama daktari anayepima homa. Mara amesimama tu mbele ya injini inayounguruma, mkono juu ya mpira wa maji ya rejeta, akisubiri.

“Nilimuuliza unatafuta nini, Mzee,” Mama Jepchumba aliniambia baadaye. “Akasema, ‘Jina langu.’ Nikarudi jikoni nikalia.”

Jumamosi moja ya Februari mwaka huu alikuja tena ofisini kwangu. Hakuvua kofia.

“Madam, twende na mimi Timboroa,” alisema. “Ukae mbele, uone na macho yako. Nimeongea na Chelimo, atafuata na lori.”

Chelimo ni dereva wetu kijana wa njia ile ile ya Burnt Forest. Langoni Mzee alirudisha mita ndogo ya safari ya Mheshimiwa kwenye sifuri, akashuka, akaenda kuhakikisha Chelimo amefanya vivyo hivyo kwenye lori. Kisha tukaondoka.

Ni safari ya zaidi ya saa moja, na kwa miaka minne tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kukaa karibu naye kwa muda mrefu hivyo. Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele. Tulipopita Burnt Forest ukungu ulitanda na baridi ikaanza kuingia. Aliwasha hewa ya kupasha joto hadi mwisho.

“Weka mkono hapo,” alisema.

Niliweka. Ilitoka hewa ya vuguvugu, kama pumzi ya mtu.

“Hiyo ndiyo moto yote iko nayo. Tumetembea saa nzima. Sasa angalia mshale wa joto.”

Mshale haukuwa umefika hata katikati. Sikuelewa, nikamwambia hivyo. Alinifafanulia bila haraka. Alisema kwenye maji ya rejeta kuna kijimlango ambacho mafundi hukiita thamostati. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, halafu ndipo kifunguke. Cha Mheshimiwa kilikuwa kimekwama wazi.

“Injini haishiki joto,” alisema. “Kompyuta inafikiri gari ndiyo imeamka, saa kumi na mbili asubuhi, baridi. Inaongeza petroli ndiyo isizime. Dakika tano ikifanya hivyo ni sawa. Hii inafanya siku nzima. Na ukiileta huku juu kwa baridi ndiyo inazidi.”

Tulipofika Timboroa alisimamisha gari kando ya barabara, karibu na msitu, akaniomba nishuke. Aliniambia niguse rimu ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Ilikuwa na joto kidogo tu.

“Sasa ya kushoto. Polepole.”

Niliigusa na kuruka nyuma. Vidole viliniwasha hadi jioni.

“Breki imeshika,” alisema. “Haiachilii. Tunatembea tukijivuta, kama mtu ameshikwa koti kutoka nyuma. Injini inapigana na breki yake yenyewe.”

Chelimo alifika, akasimama nyuma yetu. Mzee Hussein alimwomba asome mita ya lori. Kilomita sabini na moja. Kisha akaniomba mimi nisome ya Mheshimiwa. Sitini na saba.

“Ni barabara moja,” nilisema. “Ni ipi inadanganya?”

“Hakuna inadanganya, Madam. Lori iko na matairi yake ya kawaida. Hii imewekwa makubwa. Yakizunguka mara moja, gari inaenda mbali kuliko mita inavyojua.” Aliligonga tairi kwa kiganja. “Hizo kilomita nne tumetembea. Ni vile tu hazijaandikwa. Kila safari kuna zingine hazijaandikwa. Ukigawanya kwa lita, inaonekana kama petroli imepotea.”

Matairi yale yalifungwa Mei 2024. Niliyachagua mimi. Muuzaji aliniambia yataliinua gari, na kweli lilisimama vizuri, nikafurahi. Mzee Hussein alijua ni mimi. Sahihi yangu iko kwenye karatasi, na aliyekwenda kuyachukua alikuwa yeye. Lakini pale kando ya barabara, mbele ya Chelimo, hakusema matairi yalichaguliwa na nani.

Ningetaka kuandika hapa kwamba nilimwomba msamaha palepale. Sikumwomba. Nilisimama nikishika vidole vyangu vilivyoungua, nikasema, “Nitamwandikia meneja.”

“Sawa, Madam,” alisema, akanifungulia mlango.

Fundi Munene, ambaye sasa ndiye hutengeneza magari yetu, alithibitisha yote matatu ndani ya asubuhi moja. Alibadilisha thamostati, akaifungua breki iliyoganda, akarudisha matairi ya ukubwa ulioandikwa kwenye fremu ya mlango. Alitaka kujua ni fundi gani aliyeligundua tatizo. Alipoambiwa ni dereva, tena kwa mikono mitupu, alicheka akidhani anataniwa. Wiki hiyohiyo Mheshimiwa alirudi kwenye kilomita tano na nusu kwa lita, na hajashuka tangu hapo.

Meneja wetu, Bwana Mabonga, aliandika barua ya kumwondolea Mzee Hussein lawama. Barua ilisema kwamba hakukupatikana ushahidi wowote dhidi yake. Mzee aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akasema asante. Leo nikiyasoma maneno yale naona kasoro yake. “Hakukupatikana ushahidi” ni maneno unayomwambia mtu ambaye bado unamshuku. Tulipaswa kuandika kwamba alikuwa mkweli tangu siku ya kwanza.

Nilidhani baada ya barua mambo yatarudi yalivyokuwa. Jina la Mzee Mpira lilikufa, ndiyo. Lakini watu hawakurudi mezani kwake. Hapo mwanzo walimkwepa wakidhani ni mwizi. Sasa walimkwepa kwa aibu, na aibu ikawa ukuta mrefu kuliko shaka. Mimi nilikuwa wa kwanza kati yao. Nikimwona anakuja kwenye ujia, nilikuwa nakumbuka kitu nilichosahau ofisini. Kila mwaka Idd ilipopita alizoea kuja kazini na sufuria ya pilau aliyopika Mama Dahabo, ya idara nzima. Mwaka huu, mwanzoni mwa Aprili, alirudi kutoka likizo ya Idd mikono mitupu. Hakuna aliyethubutu kutaja.

Mwezi wa Agosti fomu zake za kustaafu zilihitaji sahihi. Ningeweza kumwita ofisini. Nilizichukua nikaenda Pioneer, nikawauliza vijana wa boda boda nyumba ya Mzee Hussein, nao wakanipeleka hadi mlangoni na kukataa nauli. Ni nyumba ya vyumba viwili, safi kupita kiasi, kama nyumba ambayo mtu hufagia ili muda upite. Alipika chai mwenyewe. Alitia tangawizi nyingi. Alitia sahihi zote, kisha hatukuwa na kazi nyingine tena ya kujificha nyuma yake.

“Mzee,” nilisema, “nimekuja kuomba msamaha.”

Alizipanga fomu vizuri, akazisogeza upande wangu.

“Lile jina halikuniuma sana,” alisema. “Vijana ni vijana. Kitu iliniuma ni kwamba nilikuja kwako kwanza. Mimi mwenyewe. Nikakwambia gari ina shida. Uliniandikia barua, uliweka kufuli, lakini kwa mdomo wako hukuniuliza hata siku moja.”

“Ni kweli, Mzee.”

“Na Dahabo.” Aligeuza kikombe kwenye kisahani chake. “Akiwa hospitali aliniuliza, ‘Watu wa kazi wako wapi? Mbona siku hizi hawaji?’ Nikamwambia mna kazi nyingi. Nikamwambia ni msimu wa maziwa. Alikufa akijua mna kazi nyingi.”

Nililia, naye aliniacha nilie bila kunibembeleza, na hilo pia lilikuwa haki yake. Nilipotulia aliniongezea chai.

“Mtu akistaafu huwa mnaandika kitu,” alisema. “Ya kusomwa.”

“Huwa tunaandika.”

“Basi andika wewe, Nyakio. Na uandike na hii. Usiandike ya trekta peke yake.”

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Kwa hiyo nimeandika. Ningependa pia wasomaji wajue yaliyobaki nyuma yake. Kwa sababu ya Mzee Hussein, sasa kila gari la Ushirika likirudi safari dereva huyagusa magurudumu yote kabla ya kulifunga, na mshale wa joto huandikwa kwenye karatasi pamoja na kilomita. Matairi hayanunuliwi tena kwa kuangalia jinsi gari litakavyosimama. Na hakuna dereva atakayeandikiwa memo kabla ya kuketishwa na kuulizwa, na kabla ya afisa aliyemshuku kupanda gari lenyewe na kwenda naye safari nzima. Kanuni hiyo niliiandika mimi, Bwana Mabonga akaitia sahihi. Chelimo, ambaye atachukua usukani wa Mheshimiwa kuanzia Novemba, amefundishwa na Mzee kwa miezi miwili, na anasema hajawahi kumwona mtu anayesikiliza gari kama yule.

Baada ya kustaafu, Mzee Hussein atahamia Isiolo kwa binti yake Ayan, ambaye ni muuguzi huko na ana watoto wawili. Nyumba ya Pioneer ameshaitolea notisi. Vitu vyake, anasema, vinatosha kwenye masanduku mawili.

Sherehe ya kumuaga itafanyika kantini siku hiyo ya Ijumaa saa tisa alasiri, baada ya yeye kutoka msikitini. Nilipompelekea mwaliko wiki iliyopita nilimuuliza kama atakuja. Aliusoma mwaliko pande zote mbili, pamoja na upande usioandikwa kitu, akasema, “Nitaangalia.”

Inawezekana haya yatasomwa huku kiti chake kikiwa kitupu. Ikiwa hivyo, tafadhali mtu yeyote asinong'one kwamba Mzee ni mtu wa hasira. Tukae tu tusikilize mpaka mwisho, kila mmoja na sehemu yake.

Mzee Hussein, asante kwa miaka thelathini na mmoja. Asante kwa mikebe thelathini na tisa, kwa kila mgeni uliyemfikisha salama, kwa ukweli uliotuletea mara mbili, mara ya kwanza tukakataa kuupokea. Mama Dahabo alale pema. Hatukuwa na kazi nyingi. Tulikosea, na tunakuomba radhi. Tunakutakia siku njema huko Isiolo, joto la kutosha, na nyumba yenye watu.